Mikanda ya Mama na Mbwa Asiye na Jina

Mimi ni mtu wa chuma. Nachomelea mageti, madirisha na vitanda hapa Babati, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba hakuna shida ya nyumbani isiyotibika kwa bomba la inchi mbili na vijiti vichache vya kuchomelea. Mke wangu husema siku nikifa nitakuwa nimeshajichomelea jeneza, nalo litagoma kupita mlangoni. Huwa namjibu kwamba mlango nao niliutengeneza mimi, kwa hiyo litapita.

Basi mama yangu alipopata kiharusi, mguu wake wa kulia ukalegea na mkono wa kulia ukakataa kazi, nilimleta kwetu Bonga, nje kidogo ya mji, na kesho yake nikawasha mashine. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alikuwa ametuchorea kwenye karatasi vitu vya kuweka uani: mabomba mawili ya kushika wakati wa kutembea, benchi la kukalia, na nguzo ndefu yenye puli, kigurudumu cha kupitishia kamba, juu yake. Kamba inapita kwenye puli, na kila mwisho wa kamba una kishikio. Mkono mzima ukivuta chini, mkono mgonjwa unapandishwa juu.

"Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuupigania huu mkono," alituambia. "Mkiuacha ukae, utazoea kukaa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Nitafunga kitambaa changu mwenyewe?"

Yule dada hakuelewa, lakini mimi nilielewa. Mama yangu ni mwanamke wa Mbulu, kule juu kwenye baridi, aliyelima kwa maksai bega kwa bega na baba, na baba alipofariki akaendelea kulima bila kumwomba mtu ruhusa. Katika maisha yake yote sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani, na fundo lake analifunga kwa nyuma, chini ya kisogo, kwa mikono miwili. Jumapili ya kwanza alipokuwa kwetu, mke wangu alimfunga vizuri kabisa, kwa upole. Mama akakifungua kwa mkono wa kushoto, akakilaza mapajani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Ila kanisani siendi nimefungwa na mtu mwingine. Mungu atajuaje kwamba ni mimi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Jumapili hiyo hakwenda, wala iliyofuata. Wenzake wa jumuiya walikuja kusali naye nyumbani, akawashukuru, akawanywesha chai, lakini msimamo wake ukabaki palepale. Na mbele yetu kulikuwa na ibada ya mavuno, ile ya kupeleka madhabahuni kikapu cha kile ulichovuna, ambayo mama hajawahi kuikosa tangu alipobatizwa. Kwa hiyo majirani walipopita na kuniuliza kama nimefungua jimu, niliwajibu ndiyo. Ningewaambiaje kwamba mabomba yote yale ni kwa ajili ya fundo moja la kitambaa?

Shida ilianzia kwenye vishikio. Nilitengeneza vya chuma, mama akasema vina baridi. Nikafunga kamba ya nailoni, akasema inamchoma kiganja. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mtoto kunawa mikono, "Baba yako aliwafunga maksai kwa mikanda ya ngozi miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Nikaenda kwa muuza nyama, nikaleta kipande cha ngozi ya ng'ombe. Nikakiwamba juani, nikakikwangua manyoya, nikakikata mikanda, nikaifunga kwenye ncha za kamba. Sijui kazi ya ngozi, na ilionekana. Mama aliigusa, akaikunja, ikalia kama ubao.

"Umejitahidi," alisema. Kwa mama hilo si sifa.

Wiki hiyohiyo mke wangu akarudi kutoka Sigino, kwa dada yake, akiwa amebeba mtoto wa mbwa ndani ya kapu la mbaazi. Kuku wetu walikuwa wanapotea, na alisema tunahitaji mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa na tumbo kubwa, masikio mawili yasiyokubaliana, na meno madogo makali ambayo alikuwa anayatafutia kazi. Mama alikataa apewe jina.

"Mbwa hapewi jina mpaka abweke kwa sababu," alisema. "Mkimpa mapema ataringa."

Asubuhi ya tatu nilitoka uani nikakuta kishikio kimoja hakipo. Nusu ilikuwa tumboni mwa mlinzi, na nusu nyingine alikuwa ameilalia. Nilimfokea. Akageuka chali akanipa tumbo nimkune.

Nilidhani ni utoto. Nikakata mkanda mwingine, tukaendelea na mazoezi. Lakini yule mbwa hakugusa viatu, hakugusa nguo kwenye kamba, hakugusa mpira wa maji wala ufagio. Alikuwa na mapenzi na kitu kimoja tu katika uwanja mzima, nacho kilikuwa vishikio vya mama yangu. Kila alipokula kimoja, tulipoteza siku mbili tatu za mazoezi nikisubiri ngozi nyingine ikauke. Nilihesabu hizo siku moja moja, kwa sababu yule dada alisema miezi ya mwanzo, na miezi haingojei ngozi ikauke.

Nikaingia vitani.

Kwanza nilisaga pilipili kichaa nikaipaka mikanda. Mbwa alipiga chafya mara tatu, akaondoka, nikajipongeza. Jioni mama akashika kishikio, akafanya mazoezi yake, kisha akajifuta jicho. Nitakachosema ni kwamba nilijifunza siku ile kwamba kiharusi hakikugusa ulimi wake hata kidogo. Alinisema kwa Kiswahili mpaka kikamwishia, akamalizia kwa lugha ya nyumbani, ambako ana akiba kubwa zaidi.

Nikachemsha majani ya mwarobaini, nikailoweka mikanda humo usiku kucha. Ikawa michungu hadi mikono yangu ikawa michungu, na ugali wangu ukawa mchungu. Siku moja mbwa hakuigusa. Siku mbili hakuigusa. Siku ya tatu akaila kama vile hakujatokea kitu.

Nikavisha mikanda mpira wa baiskeli. Akamenya mpira kama ndizi, akala kilichomo ndani.

Ndipo nikarudi kwenye imani yangu. Nilichomelea tundu la nondo kuzunguka nguzo nzima, lenye kilango chake na komeo. Kazi safi, hata leo naionea fahari. Nilipomaliza nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akatazama, akaniuliza kama nimeona kwamba mama hawezi kupita kwenye kile kilango. Sikuwa nimeona. Wakati tunabishana, mbwa alipita katikati ya nondo mbili, akakaa ndani, akatutazama.

"Angalau sasa anajulikana anakaa wapi," mke wangu alisema.

Tundu lile nililing'oa kwenye nguzo, sasa ni la kuku, na kuku hawapotei tena.

Mwisho nilichomelea kulabu kwenye nguzo, ili tukimaliza mazoezi tutundike mikanda juu, mbwa asiifikie. Niliiweka usawa wa kifua. Wiki mbili baadaye mbwa alikuwa amekua, akawa anaruka. Nikahamishia usawa wa bega. Akajifunza kupanda kwenye benchi. Nikalisogeza benchi, nikapandisha kulabu tena, safari hii juu kidogo ya kichwa cha mama. Mikanda ikawa inaning'inia kutoka huko, na bado kila baada ya siku chache niliikuta ncha zimetafunwa. Kumbe yule mbwa alikuwa anaupanda mlima wangu kadiri nilivyouinua.

Wakati huohuo mkono wa mama ulikuwa umegoma. Mwanzoni ulipanda vizuri, kutoka tumboni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi kidevuni. Hapo ukasimama. Kila jioni nilisimama mbele yake nikisema, "Kidogo tena, mama, kidogo tena," naye alivuta huku amekunja uso, mkono ukafika kidevuni na kutetemeka, basi. Mazoezi yale hakuyapenda tangu mwanzo. Alisema ni kama kuchota maji kwenye kisima unachojua ni kikavu. Jioni moja aliachia kamba, akaupapasa ule mkono kwa mkono mwingine kama anambembeleza mtoto wa watu.

"Labda hapa ndipo mwisho wake," alisema. "Kidevuni si pabaya. Kijiko kinafika."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta spana. Niliogopa kweli. Mama yangu kuridhika na kijiko lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, na hasira yote nilimpelekea mbwa. Nilimwambia mke wangu kwamba akila mkanda mmoja tena, anarudi Sigino ndani ya kapu lilelile.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika saa nne asubuhi. Fundi wa kuchomelea umeme ukikatika ni mtu wa kawaida tu mwenye kofia chafu. Nilikaa kidogo kwenye karakana, wenzangu wakaanza kucheza bao, nikaamua kurudi nyumbani mapema, saa ambayo huwa sipo. Mke wangu alikuwa sokoni. Niliingia kwa mlango wa pembeni, nikazunguka nyuma ya simtanki la maji, na hapo nikasikia sauti ya mama anaimba.

Anaimba wimbo wa kulimia, ule aliokuwa akiwaimbia maksai wakichoka. Nilikuwa sijausikia tangu baba afariki. Nikachungulia.

Mama alikuwa amesimama kwenye nguzo. Mkono wa kushoto umeshika bomba, kwa sababu mguu wake bado haukuwa wa kuaminika. Kwenye mfuko wa sweta lake la bluu kulikuwa na lile kopo la mafuta ya mkia wa kondoo alilokuja nalo kutoka Mbulu, ambalo sote tulijua ni la kuchulia mkono. Na kwa mkono wa kulia alikuwa anaipaka mikanda yangu mafuta. Anachovya vidole, anashika ncha ya mkanda chini, anausugua taratibu kwenda juu, anaukunja, anaukunjua, anaendelea juu zaidi. Miguuni mwake mbwa alikuwa ameketi wima, hapepesi macho, kama mtu aliye kwenye foleni ya pilau.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na damu ikanipanda kichwani. Wiki zote zile! Pilipili, mwarobaini, mpira wa baiskeli, tundu la nondo! Mimi natia uchungu usiku, yeye anatia kiungo mchana. Mimi ninakausha ngozi, yeye anaiunga kama nyama ya sikukuu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa sweta la bluu. Harufu ningeisikia wapi, pua hii iliyokula moshi wa vyuma miaka ishirini, na mama mwenyewe ananukia kondoo kuanzia asubuhi hadi jioni?

Nilifungua mdomo nipige kelele. Ndipo nikatazama mkono wake ulipokuwa.

Ulikuwa kwenye kulabu. Mkono wa kulia, ule wa kidevuni, ulikuwa umenyooka juu ya kichwa chake, vidole vinasugua ngozi pale inapokunjika kwenye chuma, kwa sababu hapo ndipo mkanda hukatika kwanza usipopata mafuta. Hautetemeki. Haukuwa unafanya mazoezi. Ulikuwa kazini.

Nilikaa chini nyuma ya simtanki, kwenye matope ya bomba linalovuja ambalo nimeahidi kulirekebisha. Nililia, sioni sababu ya kuficha, na nilicheka pia, nikajiziba mdomo kwa kofia. Mimi ndiye niliyepandisha ile kulabu. Kifua, bega, juu ya kichwa. Kila nilipomkimbia mbwa, mama alinifuata na mafuta yake, kiganja kwa kiganja, bila kujua kwamba anapanda.

Jioni nilimwuliza, kwa mbali, kama ngozi huhitaji matunzo yoyote. Alinitazama kwa huruma.

"Ngozi isiyopakwa mafuta inakufa," alisema. "Baba yako hakukufundisha? Ulinipa mikanda migumu kama mbao. Nimekuwa naitengeneza kila siku ukienda kazini. Sikutaka kukuaibisha."

"Na huyu mbwa?"

"Mbwa ni mbwa. Anakula kwa sababu mikanda yako ilikaushwa vibaya. Ndiyo maana naongeza mafuta."

Ni mara chache sana katika maisha yangu nimeshinda kishawishi cha kuonyesha kwamba niko sahihi, na hiyo ilikuwa mojawapo. Nilipomsimulia mke wangu chumbani, alicheka mpaka akakaa sakafuni, akaniuliza kama sasa nitaendelea kumlisha mbwa mikanda kwa makusudi.

"Mpaka mavuno," nilisema.

Lakini fundi hakosi njia. Kesho yake nilikata mkanda wa ziada, mnene, nikaufunga chini ya geti, mbali na nguzo ya mama. Kisha nikanyemelea chumbani kwake akiwa anaota jua, nikachota mafuta kidogo kwenye kopo, nikaupaka. Mbwa aliunusa mara moja tu, akahamia getini na gunia lake la kulalia, kana kwamba ndiko alikotaka kukaa siku zote. Akawa anatafuna huko asubuhi hadi jioni, na watu wanaopita wakidhani ni mlinzi mkali asiyebanduka langoni. Vishikio vya mama vikaanza kudumu wiki nzima, kisha wiki mbili. Mimi nikawa napandisha kulabu upana wa vidole viwili, kila Jumamosi, nikisingizia mbwa.

"Mbwa gani anaruka hivyo?" mama aliuliza siku moja, akiinua macho.

"Hawa wa Sigino wana miguu mirefu, mama."

Aliguna. Siku nyingine alilalamika kwamba mafuta yake yanaisha haraka kuliko zamani, na mke wangu akatoka nje haraka akasimama nyuma ya jiko mpaka akatulia. Tulimwagizia kopo jingine kutoka Mbulu.

Dada wa mazoezi alipompima tena, aliunyanyua mkono, akauzungusha, akauliza tunafanya mazoezi gani nyumbani. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini kama mama alivyomsikiliza yeye siku ile ya kwanza, akasema, "Basi, msimwondolee kazi yake."

Asubuhi ya ibada ya mavuno kulikuwa na ubaridi, wingu limeukalia Mlima Kwaraa. Mke wangu alikuwa amejaza kikapu mbaazi na mahindi, na bajaji ilikuwa inangoja nje. Mbwa alimbwekea dereva, kwa nguvu na kwa sababu, maana mtu yule alikuwa ameukanyaga mkanda wake. Nikawaza kwamba leo huenda akapewa jina.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Tulisubiri sebuleni, mimi na mke wangu. Dakika zilipita. Tulisikia kitu kikianguka, kisha mama akijisemea kwa lugha ya nyumbani. Mke wangu alinyanyuka, nikamshika mkono akakaa.

Mlango ukafunguka. Mama alitoka akiwa na gauni lake la kanisani, fimbo mkono wa kushoto, na kitambaa cheupe kichwani. Kilikuwa kimekaa upande. Upande mmoja kilifunika sikio zima, upande mwingine sikio lilikuwa nje, na fundo badala ya kukaa kisogoni lilikuwa limehamia nyuma ya sikio la kushoto.

Kilikuwa kimefungwa vibaya, na kilikuwa kizuri kuliko geti lolote nililowahi kutengeneza. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiona kitu kimepinda mkono unatangulia. Nilisogea, nikanyoosha kidole nikisogeze fundo kidogo tu, lirudi katikati.

Kofi likatua kwenye kiganja changu, paa! Nina miaka hamsini na miwili, na liliuma.

"Usiguse," mama alisema. "Nimefunga mwenyewe."

Akanipita, akaelekea kwenye bajaji na kitambaa chake kilichopinda. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule, nikitazama kiganja changu, kisha fimbo yake. Fimbo ilikuwa bado mkono wa kushoto. Haikuwa imehama, na kofi lilikuwa limetoka upande wa pili.

Mke wangu naye alikuwa ameona. Alichukua kikapu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia nifunge mlango tuondoke. Na hata hii pua yangu iliyokufa ilisikia: mkono wangu ulinukia mafuta ya kondoo hadi mwisho wa ibada.